Unafunga Juu ya Nani?

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua tayari jinsi tingatinga lilivyolala juu ya malewa yangu, kibanda changu cha chakula, masufuria yakiwa bado motoni. Mnajua pia kwamba muda si mrefu baadaye mimba yangu iliharibika. Na mnajua kuwa mama mkwe wangu, Mama Musonda, aliposikia habari hiyo kule Kasenga hakungoja kuitwa. Alipanda lori la samaki, akashuka Lubumbashi na kapu lake kichwani, akaja kunikanda tumbo kwa maji ya moto na kunilisha mpaka nikasimama.

Anayeanza kusoma leo ashike hilo moja: mwanamke huyo ndiye aliyenisimamisha.

Maana leo nasimulia jinsi nilivyotaka kumkaribia Mungu, na nilichomfanyia mama huyo njiani.

Niseme kwanza kwamba mimi, Clotilde, ni mtu wa kula. Sioni aibu. Mume wangu Stéphane, dereva wa malori ya madini, huwaambia wenzake kuwa alikuja kwenye malewa yangu kula samaki, akasahau kuondoka. Nikikasirika nakula. Nikifurahi nakula. Kwa hiyo nilipoamua kufunga Kwaresima nzima, nilijua nampa Mungu kitu kinachoniuma.

Ilianza Jumatano ya Majivu. Padri wetu wa mtaa wa Katuba alisoma Injili ile ya kunawa uso na kujipaka mafuta unapofunga, ili watu wasijue. Akafunga kitabu, akatuangalia.

“Bamama ya Katuba,” akasema, “mukifunga siku moja, avenue yote inajua. Mwaka huu mufunge kimya. Hata muntu mwenye kulala naye mu nyumba, asijue.”

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mdomo wangu unajulikana, na nilikuwa na hakika ananisema mimi.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Tangu malewa yavunjwe, sala zangu zilikuwa kudai tu. Mungu nipe hiki, Mungu rudisha kile. Nilikuwa nimechoka kuisikia sauti yangu mwenyewe. Nikamwambia pale pale, majivu yakiwa bado kwenye paji: Kwaresima hii siombi kitu. Mchana sitaonja chochote. Bukari, yaani ugali wetu, na samaki naviacha mpaka Pasaka. Jioni nitakunywa chai na mkate, Ijumaa hata huo mkate sitaugusa, na hakuna mtu atakayejua.

Vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba niliishi na mwanamke aliyetoka mbali kwa kazi moja tu, kunilisha.

“Clotilde, mwana, kuya ukule. Bukari iko moto.”

“Aksanti, Mama. Nitakula ku soko.”

“Ku soko? Na hii njo nitafanya nayo nini?”

“Pale kuko mama moja anapika bitumbula muzuri sana, Mama. Niliisha kumuzoea.”

Jua lilikuwa bado halijapanda vizuri, na tayari nilikuwa nimeanza Kwaresima kwa uongo.

Siku hizo nilikuwa nauza makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya soko dogo, maana mtaji wa malewa ulienda na tingatinga. Mchana njaa ilinikamata nikiwa nimekaa juu ya gunia. Nawaambia ukweli, ilikuwa njaa tamu. Nilikaa kimya na Mungu, sikumdai kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nipoteze mtoto nilihisi kuna mtu amekaa kando yangu. Nililia kidogo, kilio kizuri, nikajifuta kwa kikwembe, kitenge changu cha kiunoni, na kuendelea kuuza makala.

Jioni nilirudi nyumbani. Mama Musonda alikuwa ameniwekea sahani, ameifunika vizuri.

“Nimeshiba, Mama.”

“Umeshiba na nini? Uko nakonda.”

“Ni kazi tu, Mama.”

Kisha nilienda nyuma ya nyumba, nikawasha mbabula yangu, jiko la makaa, nikabandika sufuria yangu ndogo, nikapika chai yangu. Nilifanya hivyo kwa huruma. Sikutaka kumsumbua mama mzee kwa chai baada ya kumkatalia chakula chake.

Alisimama kwenye kona ya nyumba, akaniangalia.

“Chai yangu iko na nini, Clotilde?”

“Haina kitu, Mama. Sitaki tu kukuchokesha.”

Aliichukua sahani yake na kuingia ndani.

Najua wasomaji wangu wa Lubumbashi wameshashika kichwa. Kwetu wanawake wawili wa lupango moja, yaani ua mmoja, wanaweza kutukanana toka asubuhi hadi jioni, na usiku wakala kwenye sufuria moja. Lakini siku mmoja anapobandika sufuria yake pembeni, anasema kitu ambacho mdomo hauthubutu kusema. Anasema: naogopa mkono wako. Nimezaliwa hapa, nimelelewa hapa, najua jambo hilo kama ninavyojua jina langu. Ila kichwa changu kilijaa Mungu mpaka hapakubaki nafasi ya akili.

Ndipo Gracia akaugua.

Gracia ni binti yetu, bado hajaanza shule. Homa ilimpanda, akaharisha. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, wakampima, wakasema malaria, wakatupa dawa. Homa ikashuka, kisha ikapanda tena kama malaria inavyofanya. Mama Musonda alimbeba mgongoni mchana kutwa, nami nilishukuru.

Jirani yetu ni Mama Mimi (Mimi ni jina la mtoto wake), ambaye ana chumba cha maombi ndani ya lupango lake. Siku moja aliinama juu ya ukuta, akaniita kwa sauti ya chini.

“Mama Gracia, niko nakuona. Haukulake tena mu nyumba. Siku mingi sasa.”

Nilishtuka. Nikadhani ameugundua mfungo wangu.

“Mama Mimi, tafadhali. Usiseme kwa muntu.”

“Kwa nani nitasema? Uko na akili sana, ma sœur. Bengine banaanza kufungua macho mutoto akiisha kukufa. Weye umeona mapema.”

“Ni Mungu tu njo ananisaidia.”

“Kabisa! Na siye tutafunga pamoja na weye. Hauko peke yako.”

Nilienda zangu nimefurahi. Nikawaza, kumbe hata hawa wa chumba cha maombi wanaheshimu Kwaresima yetu. Sikujiuliza hata kidogo mtoto aliingiaje kwenye maneno yale.

Baada ya hapo mambo madogo madogo yalianza kuharibika. Mama Musonda alikuwa anauza samaki wake wakavu mbele ya lupango, kwenye meza ndogo. Kwaresima ndiyo majira ya samaki, na Ijumaa Wakatoliki wote wanamtafuta. Lakini wateja walipita mbele ya meza yake bila kusimama, wakaenda kununua mbali. Watoto waliokuwa wakija kumwomba karanga waliitwa na mama zao wakiwa bado njiani. Alikaa pale na samaki wake, akiwafukuza nzi.

“Bantu ya hapa banakuwa na nini?” aliniuliza.

“Ni maisha magumu, Mama. Bantu bako nabana.”

Hivyo ndivyo nilivyomjibu, mimi mwenyewe niliyekuwa chanzo cha yote.

Ijumaa moja nilirudi kutoka sokoni mapema kwa ajili ya Njia ya Msalaba. Nilikuta viti vimepangwa uani. Kiki, dada wa mume wangu, alikuwa amefika kutoka Kamalondo, mikono kifuani. Kando yake alikaa Mjomba Mukuka, kaka wa Mama Musonda, ametoka Kipushi na koti lake la sherehe. Kwa watu wa mume wangu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na havai koti lile kwa kuja kusalimia.

“Kaa, mwana,” alisema Mjomba. “Stéphane tulimuita. Aliisha kutoka Kasumbalesa, iko njiani. Mais miye sipendake kuzungumuza na njaa. Tukule kwanza.”

Mama Musonda alitoka jikoni. Aliweka bukari katikati, ikitoa moshi. Aliweka lenga-lenga, mchicha wetu. Kisha akaleta samaki wa Kasenga, mkubwa, amepikwa kwa mafuta na nyanya, kama nilivyokuwa nikimpika mimi kwenye malewa. Akaweka sahani yangu mbele yangu kwa mikono miwili.

Wote walikuwa wananiangalia. Nikaelewa kuwa hapa hakuna chakula, hapa kuna kesi.

“Mujomba,” nilisema, “niko na tumbo kidogo. Nilikula ku soko.”

Kiki alipiga makofi mara moja.

“Voilà! Nilisema nini? Clotilde, leo asubuhi nilipita ku soko yako. Nilimuuliza mama ya bitumbula. Depuis carême ilianza, hakukuonaka hata siku moja. Sasa unakulaka wapi?”

Niliitazama ile sahani.

“Jibu, mwana,” alisema Mjomba. Hakupandisha sauti.

Basi. Siri ilikuwa imefika mwisho. Nikajiambia, sema ukweli, ukweli utamaliza maneno.

“Mujomba, niko nafunga. Ni carême, Kwaresima yetu. Nilimuahidi Mungu. Bukari na samaki niliacha mpaka Pasaka. Njo maana sikulake.”

Nilidhani watapumua. Hakuna aliyepumua.

“Siye bote hapa tuko Bakatolika,” alisema Kiki. “Mama anafungaka kila Ijumaa. Miye niliacha kukunywa bière. Na bote banajua. Nani anafungaka na kudanganya? Na ile sufuria yako ya nyuma ya nyumba, ni carême pia?”

“Padri alisema tufunge kwa siri.”

“Siri kwa mama mwenye kukupikia? Clotilde, sema vizuri. Unafunga juu ya nani?”

Swali hilo kwetu si dogo. Siku hizi kwenye mitaa yetu mfungo una anwani. Mtu akikosa kazi anamfungia mjomba wake. Mwanamke asiyezaa anamfungia shangazi. Wanakaa bila kula mpaka mchawi, mulozi kama tunavyosema sisi, aanguke. Ukifunga waziwazi na parokia yako, uko na Mungu. Ukifunga kwa siri ndani ya nyumba yenye mtoto mgonjwa na mama mzee, kila mtu atahesabu mwenyewe.

“Sifungi juu ya muntu!” nilisema. “Niko nafunga juu ya Mungu tu!”

“Banasema Gracia alianza kugonjwa weye ukiwa umeisha kuacha kukula ya Mama. Donc ulijua nini?”

“Nilijua nini? Kiki, ile ni malaria! Balimupima!”

“Malaria inakuyaka na mulango wake. Na ile mulango, kuko muntu anaifungua.”

Kabla sijamjibu, mlango wa lupango ulisukumwa. Aliingia Mama Mimi na wanawake wake wa maombi, vitambaa vyeupe kichwani. Nyuma yao niliona vichwa vya watu wa avenue, na vijana wamesimama barabarani. Sijui nani alikuwa amewaambia kuhusu koti la mjomba.

“Mama Gracia, usikule!” alipiga kelele Mama Mimi. “Ile chakula usikule! Banataka kukulazimisha sababu mufungo inabaunguza! Siye bote tuko nafunga pamoja na weye. Tuko nafunga juu ya huyu mulozi!”

Akanyoosha kidole. Kidole kilimwonyesha Mama Musonda.

Niliona mama mkwe wangu akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza. Aligeuka nyuma kwanza, kuangalia ni nani anayeonyeshwa. Alipoona hakuna mtu nyuma yake, aliitazama mikono yake.

“Mama Mimi, unasema nini?” nilipiga kelele. “Nani alikuambia?”

“Si weye? Si weye ulisema nisiseme kwa muntu?”

Mjomba Mukuka alinigeukia polepole. Nilitaka ardhi inimeze. Maneno yale kweli yalikuwa yangu, na kila niliyetaka kumweleza maana yake alikuwa ameshayaelewa kwa namna yake.

Mnajua kinachowapata wazee wanaoitwa hivyo. Si mbali na kwetu, mvua za mwaka huu zilipoanza, walimng’olea mama mmoja mabati ya nyumba yake akiwa ndani, wakamfukuza kwa mawe mpaka ng’ambo ya reli. Hakuna aliyejua alipoishia. Nilipowatazama wale vijana barabarani, mmoja alikuwa ameshainama kuokota kitu.

Mama Musonda alikuja mpaka mbele yangu. Hakulia.

“Clotilde. Nilikukanda tumbo na hii mikono. Damu yako niliosha na hii mikono. Kama unaiogopa, sema weye mwenyewe, sitaki kusikia kwa ingine muntu. Nitarudia Kasenga. Hata na miguu nitarudia.”

“Mama, hapana. Hapana, Mama.”

“Sasa juu ya nini haukulake yangu?”

Nilimwangalia, nikaona nimefanya nini. Siku zile zote nilizokuwa nimekaa juu ya gunia la makala nikifurahi na Mungu, mama huyu alikuwa anafunika sahani na kufunua sahani, akijiuliza amenikosea wapi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Basi nikanawa mikono.

“Mungu atanielewa,” nilisema kwa sauti, ili wote wasikie. “Muniangalie vizuri. Mama Mimi, karibia. Weye pia Kiki, angalia.”

Nikamega bukari. Nikaifinyanga, nikachovya kwenye mafuta ya samaki, nikaitia mdomoni. Ijumaa ya Kwaresima, mchana kweupe, mbele ya avenue nzima.

Nilikula. Nilimega matonge makubwa ili hata waliosimama barabarani waone. Nilimpasua samaki, nikala mgongo, nikala tumbo, nikanyonya kichwa. Lenga-lenga niliimaliza. Uani ilisikika tu sauti yangu nikitafuna.

“Polepole, mwana,” alinong’ona Mama Musonda. “Kula polepole.”

“Niongezee, Mama.”

“Tena?”

“Niongezee! Chakula yako iko muzuri!”

Hapo ndipo alipolia. Alilia na kucheka kwa pamoja, akaniongezea bukari, akaniongezea mafuta, akaniwekea mkia wa samaki aliokuwa amemwekea kaka yake. Nami nilikuwa na furaha, siwafichi. Nilimwona Mjomba akilegea kwenye kiti. Aliufungua mkono wake, akamega tonge.

“Ça suffit,” aliwaambia wale wa mlangoni. “Mumeona. Muende.”

Kiki alivuta kiti karibu. Alisitasita, kisha naye akanawa. Wanawake wa vitambaa vyeupe walianza kurudi nyuma hatua kwa hatua, na kijana mmoja barabarani aliangusha jiwe lake, akajipangusa mikono kwenye suruali. Mama Mimi peke yake hakuondoka. Alisimama palepale ananitazama usoni, anangoja.

Sasa nifikirieni tumbo langu.

Tangu Jumatano ya Majivu lilikuwa limepata chai na mkate tu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na hata chai ya jana yake niliinywa nusu. Juu ya utupu huo nilikuwa nimetupia sahani mbili za bukari, samaki mzima na mafuta ya kuoga. Mtu aliyepika chakula maisha yake yote angepaswa kujua. Nilijua. Ila nilikuwa nakula kwa ajili ya macho ya watu, na macho ya watu hayashibi haraka.

Kwanza jasho lilitoka kwenye paji. Kisha midomo ikafa ganzi. Chakula kilisimama katikati ya kifua, hakitaki kushuka.

“Clotilde?” aliuliza Kiki. “Uko muzuri?”

“Niko muzuri. Ni pilipili.”

Hapakuwa na pilipili kwenye chakula kile.

Nikamwomba Mungu. Nilikuwa nimeahidi kutomwomba kitu Kwaresima nzima, lakini nilimwomba kwa nguvu zangu zote: Bwana, kishikilie tu chakula hiki tumboni. Mpaka waondoke hawa. Kisha nifanye utakavyo.

Nilisimama polepole, kama mtu anayekwenda tu kumwona mtoto wake aliyelala. Nia yangu ilikuwa kufika nyuma, kwenye choo, nifunge mlango. Lakini kufika huko ilibidi nipite mbele ya mlango wa lupango, na pale alisimama Mama Mimi. Nilimtabasamia. Nilipiga hatua, nikapiga nyingine.

Magoti yakakunjika. Nilianguka palepale kwenye kizingiti na kila kitu kikatoka, kwa mdomo na kwa pua, mbele ya avenue nzima.

“Sumu!” alipiga kelele Mama Mimi. “Sikusema? Banamupa sumu! Mumuangalie! Mulozi anamuua!”

Wale waliokuwa wameanza kuondoka walirudi mbio. Nilisikia mawe yakiokotwa, sauti ile ya mawe kugongana mikononi. Nilijaribu kusema hapana. Nilipata pumzi ya kuvuta tu, ya kusemea sikuipata.

Pikipiki ilisimama. Mtu aliruka kutoka nyuma yake injini ikiwa haijazimwa, akawasukuma watu pembeni. Alikuwa Stéphane, vumbi la Kasumbalesa bado limejaa kwenye nywele.

“Clo! Clo, ni nini? Unaniona?”

Niliitikia kwa kichwa kuwa namwona.

“Ulikula nini?”

Watu wote walisogea kusikia jibu. Na mimi, niliyekuwa nimedanganya Kwaresima nzima, niliamua kuwa saa hii nitasema ukweli wote, toka mwanzo mpaka mwisho.

“Chakula ya Mama,” nilisema.

Nilitaka kuendelea. Nilitaka kusema, nilikuwa nafunga, tumbo lilikuwa tupu, nilikula mbio kama mjinga, mama yako hana kosa. Yalikuwa yamejipanga yote kwenye ulimi. Lakini tumbo lilinikunja tena, nikashika mchanga kwa mikono miwili, na Stéphane hakungoja.

Aliinuka. Aliangalia mezani, sahani yangu ikiwa tupu. Akamwangalia mama yake.

“Mama. Ile banasema ku téléphone, kama weye njo unaloga Gracia, nilikataa kuamini. Kila siku nilikataa.”

“Stéphane, sikiliza kwanza,” alisema Mjomba Mukuka, akisimama. “Siye bote tulikula. Miye pia nilikula!”

“Mujomba, angalia muke yangu!” Sauti yake ilipasuka. “Mama, toka. Toka mu lupango yangu.”

“Stéphane, hapana!” Kiki alipiga kelele, naye sasa alikuwa analia. “Ukimutoa banamuua! Hauone mawe?”

Sijui kama aliyaona. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Jiwe la kwanza liliruka juu yetu, likapiga mabati ya nyumba, na ndani Gracia akaamka na kuanza kulia.

Mama Musonda hakukimbilia ndani. Alikaza kikwembe chake kiunoni, akapita mbele ya mwanawe bila kumgusa, akaja mpaka kizingitini, mahali ambapo mawe yangemfikia vizuri zaidi. Pale alipiga magoti mbele yangu. Alinishika kichwa, akanifuta mdomo kwa pindo la kikwembe.

“Mwana,” aliniambia, taratibu, kama alivyokuwa akisema nami siku zile nilipokuwa kitandani. “Baambie. Weye tu njo banaweza kusikiliza. Sema mbio.”

Nyuma yake vijana walikuwa wameshainua mikono. Nilimwangalia machoni, nikafungua kinywa niseme, nikatapika tena, magotini pake.